Bi Uzi, Mfumaji wa Nyumba za Mtoni

Marehemu tuliyemleta hapa leo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1948, katika nyumba za kiwanda, mstari ule ulio karibu na mto. Baba yake alikuwa mvushaji wa watu, mama yake mkunga.

Shule alisoma miaka miwili. Mama yake alipougua alitolewa, abaki na wadogo zake. Aliweza kuandika jina lake, basi. Lakini wadogo zake wote walisoma, na hilo aliwaambia watu bila kuulizwa.

Mwaka 1965 aliajiriwa kiwanda cha nguo, upande wa ufumaji. Mle ndani mashine zilivuma hata aliyekusemesha sikioni humsikii. Akina mama waliongea kwa midomo tu, bila sauti, wakasomana kutoka ukuta huu hadi ule. Waliagizana chumvi, walisengenyana, hata ndoa walisuluhisha humo humo. Kwa kuwa kwake uzi haukukatika ovyo, wakamwita Bi Uzi.

Mumewe alikuwa mchochea moto wa boila, na mikokoteni ya nyuzi alisukuma yeye. Siku aliyokusudia kusema la moyoni, aliingia akijikumbusha maneno, midomo ikicheza. Hakujua kuwa ukumbi mzima unamsoma. Alipofika kwa Bi Uzi, wenzake walikuwa hoi kwa kicheko. Bi Uzi alijibu kwa midomo, yule kijana asielewe kitu, ikabidi amuulize shoga wa Bi Uzi wa mashine ya jirani. Akaambiwa, "Anasema kanawe masizi kwanza, ndiyo uje useme."

Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1969. Mume alijifunza midomo hiyo kwa lazima, maana mengi ya nyumbani yalisemwa hivyo, hasa mbele ya wageni.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1993. Mashine ziliuzwa chuma chakavu, watu wakahama. Mto uliokuwa ukipita na rangi, leo buluu, kesho nyekundu, ukawa msafi. Marehemu alisema afadhali ule mchafu, ulikuwa na kazi. Alishona sare za shule barazani, watoto wakasoma.

Februari mwaka jana alionekana ana uvimbe kooni. Alipasuliwa. Uvimbe ulitoka, na sauti nayo ikaenda. Mwezi wa nane mwaka huu uvimbe ukarudi. Watoto walikuja, kifungua mimba na gari kabisa, wampeleke hospitali kubwa, mbali, akapasuliwe tena. Alitikisa kichwa. Wakasema mama anaogopa safari tu. Akaongea kwa midomo, mume akawaeleza: hospitali ameshaiona, anataka kufia kwake.

Kifungua mimba akauliza, "Baba, hayo ni ya mama au ni yako?"

Mume hakukasirika. Naye hakutaka aende. Akaitwa yule shoga wa mashine ya jirani, mume akatoka nje, asije akaonekana amemfundisha. Bibi yule alikaa kitandani, akatazama, akawaambia watoto:

"Anasema haendi. Hospitali ameshaiona, anataka kufia kwake. Tena baba yenu asiachwe peke yake. Akiwa na mawazo huunguza hata maji."

Hilo la baba yao, mume alikuwa amelibakiza moyoni. Kifungua mimba alikwenda kulia uani, kisha akarudisha gari.

Alifariki tarehe 2 Novemba, asubuhi, chumbani mwake, wanawe wote wapo. Alikuwa akiongea. Mume alisoma mpaka midomo ilipotulia. Aliyoyasema ni ya nyumbani.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanane na mdogo wake mmoja. Kifungua mimba na mkewe wamehamia nyumbani, kama walivyoagizwa.

Mama watoto, umesikika. Mola akulaze kwa amani.