Jembe Ndani ya Begi la Divine

Benchi la Bunge la Jiwe, pale Kasulu karibu na stendi, lina miguu mitatu ya mti na wa nne ni jiwe, na mtu hajawa mtu mjini hapo mpaka benchi hilo limteme chini, kahawa mkononi. Alasiri hiyo ya mwaka 2014 hakudondoka mtu. Kipriani, fundi baiskeli waliyembandika jina la Spana, alikuwa ameinamia kikombe mpaka kahawa imepoa, na Adija muuza kahawa hapendi kahawa yake itazamwe kama ya matangani. Binti wa Spana, Divine, alikuwa na safari kesho alfajiri: shule inawapeleka kupanda mlima, walale hemani usiku mmoja, warudi. Spana alikuwa hajasema ndiyo, hajasema hapana. Ila begi alishalifunga kwa mkono wake.

— Umemwekea nini? akauliza Tharsisi, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki.

— Shuka, tochi. Sufuria. Mbegu za maharage. Na jembe, nimelitoa mpini.

Benchi likayumba kwa kicheko.

— Jembe! Mtoto anakwenda kulala, Spana, haendi kulima!

— Mimi nilipoingizwa hemani niliambiwa ni usiku mmoja. Nikaota ndevu humo humo.

Kicheko kikanyauka. Wote walikijua kilima chenyewe: ndipo ilipokuwa kambi ya wakimbizi. Mwaka juzi ilifungwa, watu wakarudishwa Burundi, nyasi zikabaki na vijia vyao.

— Jembe si kinga, akasema Nurudini wa duka la vitenge. Mwekee chumvi. Mahali palipohamwa hapakai patupu. Mteja wangu kapita kule mchana kweupe, kakuta mafiga na majivu. Kayagusa. Ya moto!

— Chumvi inayeyuka, Redio akadakia. Mpe jiwe. Wahenga si walisema asiye na mwana aeleke jiwe? Basi mwenye mwana, mwanawe ndiye aeleke! Kule upepo unaita majina, moja moja, kama siku ya mgao wa chakula kambini. Ukiitika umebebwa. Mjomba wangu wa Rungwe Mpya aliitika. Vilirudi viatu tu.

— Mjomba wako alitoroka na mjane, Redio.

— Na huyo mjane alimpata wapi? Kwenye mgao huo huo!

Adija hakucheka. Alimgeukia Spana.

— Baba Divine, darasa zima linakwenda. Ukimzuia peke yake, watasema mtoto wa mkimbizi anaogopa hema.

Spana alishapewa uraia, lakini neno lile lilikuwa bado linaijua njia ya kwake. Akaimeza kahawa yote, baridi vile vile.

— Haya. Aende. Jembe nitalitoa.

Hapo ikasimama bodaboda, nyekundu kwa vumbi. Dereva hawakumjua, alisema anaitwa Stanislaus, anatoka Kibondo.

— Mwidiwe, wazee. Nasikia mnataja safari ya shule. Wanaondoka lini?

— Kesho alfajiri.

Mgeni akakishusha kikombe alichopewa na Adija kabla hakijafika mdomoni.

— Mbona nimepita kilimani sasa hivi, mahema yamejaa? Moshi unafuka, watoto wanakimbizana. Wale ni akina nani?

Redio, ambaye asubuhi hiyo aliona kwa macho yake mahema ya shule yakiwa bado yamefungwa stoo, alimsogelea Nurudini. Nurudini alitazama viatu vyake. Adija aliinua birika akasahau kumimina.

Spana peke yake ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini:

— Kulikuwa na mama anatwanga?

— Yuko. Anatwanga, anaimba Kirundi. Kanisimamisha, kaniuliza kama mtoto anakuja kesho au kesho kutwa. Nikadhani ni mpishi wa shule.

— Mama yangu nilimzika kule, Spana akasema. Divine alikuwa angali tumboni.

— Basi mtoto haendi! akamaka Redio. Spana, nakuapia, haendi!

Spana alikuwa ameshasimama, anajipangusa grisi mikononi, kidole kwa kidole, kama mtu anayejiandaa kumwamkia mkubwa wake.

— Anakwenda. Na mimi nakwenda naye. Bibi yake hajamwona.