Papa Bertin na Shairi Alilokataa Kulichapa

Ijumaa, tarehe 27 Juni, Papa Bertin Cirimwami anastaafu baada ya miaka ishirini na minane katika kiwanda chetu cha uchapaji hapa mtaani Laeken, ughaibuni.

Alifika kutoka Bukavu akiwa mkimbizi, mwalimu asiye na darasa. Alianza kwa kubeba maboksi ya karatasi, akajifunza kupanga kurasa, na mwishowe hakuna kazi ya Kiswahili iliyotoka mlangoni bila kupita machoni pake. Ni yeye aliyegundua, asubuhi ya harusi moja ya mtaa wa Uccle, kwamba tumechapa "Ndoo Takatifu" badala ya "Ndoa Takatifu" kwenye programu mia mbili. Alichapa upya, akapanda tramu na boksi mapajani, akazigawa kanisani wimbo wa pili ukiimbwa. Bibi harusi humtumia salamu hadi leo.

Lakini sitamuaga kwa kuchekesha tu. Lazima nieleze yaliyotokea Machi, kwa sababu wengi mmeyasikia nusunusu, na nusu hiyo inaniudhi.

Chama kimoja cha hapa mjini kilituletea kijitabu cha mashairi ya kuwakumbuka vijana waliouawa vitani kule mashariki mwa Kongo. Shairi la kwanza lilimhusu Noé, mwenye miaka ishirini na mmoja, mtoto wa Myriam, dada yake Papa Bertin. Mtunzi alikuwa Aristote, wa Uccle, mtu anayeheshimika. Lilisema hivi:

Risasi ilipomjia, alicheka kwa furaha,
Udongo akalalia, kama godoro la raha.

Nakiri kwamba mimi, Mauwa, nililipenda. Nililisoma kwa sauti kando ya mashine ya kukatia karatasi. Papa Bertin akazima mashine yake.

Aristote alipokuja kukagua kazi, Papa Bertin alimkaribisha kwa heshima, kisha akamuuliza mbele yetu sote:

"Aristote, ulikuwa kule? Ulimuona anacheka?"

"Non, papa. Ni poésie, shairi tu."

"Bon. Noé risasi ilimuingia mu tumbo. Alikufa trois jours, siku tatu, ku simenti ya darasa ya masomo, anaomba mayi ya kunywa. Godoro gani?"

Aristote alisema kwamba taifa linahitaji mashujaa na vijana wanahitaji mfano. Papa Bertin akamsogelea.

"Batoto yako beko wapi?"

"Beko ku université, papa."

"Alors, bapatie ule mufano."

Darlène, mkuu wetu, aliogopa kumpoteza mteja. Alimwambia Papa Bertin achape au aende nyumbani. Papa Bertin alivua koti lake la kazi, akalikunja, akatoka. Sisi wengine tuliinamia meza zetu kama watoto walioogopa fimbo. Mpaka leo najionea aibu.

Siku ya tatu Aristote alirudi, akaketi juu ya maboksi. Alikuwa amemtumia Myriam shairi lile, akitumaini baraka zake. Myriam alijibu kwa sauti, na Aristote akatusikilizisha kwenye simu:

"Mutoto yangu hakuchekaka. Alilia. Aliniita. Kama munaandika, mwandike vile."

Aristote aliondoa shairi lake. Darlène alimpigia Papa Bertin palepale: "Pardon, papa. Rudia." Akarudi, akapanga ukurasa wenye jina la Noé, umri wake, na maneno ya mama yake.

Ningependa kuwaambia kwamba chama kilishukuru. Hapana! Kiliuchukulia ukurasa ule kuwa tusi, kikapeleka kijitabu kwa mchapaji mwingine, shairi likiwa mahali pake ingawa Aristote alikuwa ameliondoa. Lilisomwa ukumbini, watu wakasimama, wakapiga makofi. Walipiga makofi kwa kiu ya kijana, kwa tumbo lililooza, kisha wakala sambusa wakaenda nyumbani kulala kwenye magodoro ya kweli. Wanaopamba kifo hivi huwa mbali nacho, na anayewaamini akaenda kufa ni mtoto wa mwenzao.

Ukurasa wa Myriam tuliuchapa hata hivyo, nakala mia tatu. Papa Bertin aliugawa mwenyewe mlangoni mwa kanisa baada ya misa. Mwanamume mmoja aliuchana mbele yake. Mama mmoja aliusoma mara mbili, akamshika mkono, akasema: "Wangu pia, papa." Wakasimama pale muda mrefu, wakilia bila kuficha.

Papa Bertin, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutuaibisha tulipostahili. Wengine husifiwa kwa kufa. Sisi tunakuomba ukae na wajukuu, ule vizuri, uchelewe kuamka, uzeeke sana. Uishi, papa. Uishi tu.