Maisha ya Marselino Nampoto, Aliyegawa Mali ya Nchi Ubaoni

Padre wetu, mjumbe wa mtaa, masheikh majirani zetu mliokuja, ndugu na jamaa wote mliofika hapa Tandika leo Alhamisi, tarehe 19 Februari 1998, familia imeona marehemu asomewe maisha yake kwa mpangilio alioupenda mwenyewe, tarehe kwanza, mahali baadaye, na lisilo na shahidi lisisomwe kabisa.

Mzee Marselino Polikarpo Nampoto alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika kijiji cha Kitangari, Newala, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Polikarpo, mchonga vinyago, na Mama Veronika, na tarehe hiyo haina shaka, kwa kuwa mwaka 1961 marehemu alisafiri hadi kwao kwenda kuisoma katika kitabu cha ubatizo, baada ya kutoridhika na maneno ya mama yake kwamba alizaliwa wakati wa palizi.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1946, kisha shule ya kati ya misheni hadi mwaka 1954, ambako alichapwa fimbo mbili kwa kumwambia mwalimu kwamba mto Ruvuma katika ramani ya ukutani umepita upande usio wake wa kijiji cha wajomba zake, naye mwalimu alipopita huko wakati wa likizo na kujionea, alirudi akamwita mbele ya darasa akampa mkono. Mkono ule aliusimulia maisha yake yote, zile fimbo mara chache.

Alifika Dar es Salaam mwezi Oktoba 1956, akaanza kibarua bandarini tarehe 3 Februari 1957, akapanda kuwa karani wa ghala mwaka 1962, na akaifanya kazi hiyo mpaka tarehe 30 Juni 1993 wafanyakazi walipopunguzwa. Huko ghalani ndiko alikojifunza kuijua mali kwa pua, hata akifumba macho alikuambia gunia hili ni karafuu ya Pemba, hili kahawa ya Bukoba, hili korosho za kwetu, na hili limekaa karibu na mafuta ya taa, mwenyewe ajiandae kulia.

Alifunga ndoa na Margareta tarehe 22 Septemba 1962, wakajaliwa watoto watatu, Ferdinand, Lulu na Polikarpo, na wajukuu watano.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalisubiri, yaani ubao. Mwaka 1988 marehemu alichukua mbao za masanduku ya mizigo, akaziunganisha kwa bawaba, akachora juu yake nchi saba kama zilivyokuwa mwaka 1800, yaani Unguja, Mrima, Unyamwezi, Uvinza, Ufipa, Katanga na Umakonde, kila mchezaji akawa mtawala wa nchi moja, kila zamu ikawa miaka mitano, na mchezo ukaisha mwaka 1885. Kete zake zilikuwa mali yenyewe, punje ya karafuu ni karafuu, tone la sandarusi ni sandarusi, kipande cha mfupa ni pembe, msumari ni chuma, waya ni shaba, na chumvi ilikaa katika vifuniko vya chupa za dawa, na mtawala hakuweza kujenga boma mpaka awe na aina nne za mali.

Siku ya kwanza, Jumapili tarehe 7 Agosti 1988, alimgawia kila mtawala kete mbili za kila aina, akiamini kwamba hiyo ndiyo haki, na mpaka alasiri hakuna aliyetuma msafara hata mmoja, kila mtu alijenga boma lake kimya kimya, na jirani yetu Mzee Fakihi Suleiman, aliyekuwa mtawala wa Mrima, alisinzia barazani mpaka kofia ikamdondoka. Alipoamshwa acheze zamu yake aliutazama ubao, akasema, "Jirani, hapa umetufungulia duka la kaya. Kila mtu na kilo yake, kila mtu na kwake. Sasa mie nije kwako kufuata nini?"

Marehemu aliukunja ubao akauweka juu ya kabati, na kwa miezi kumi na minne haukushuka. Katika muda huo alinunua daftari la kurasa mia mbili, akawa anawauliza mabaharia, mahamali na abiria wa reli, mali gani ilitoka wapi zamani, na tangu lini, akajiwekea sheria kwamba hakuna mali itakayowekwa ubaoni mpaka mashahidi wawili wasiojuana waseme jambo lilelile, na kwamba mtu hawezi kuwa shahidi wa kwao.

Ubao uliporudi barazani Jumapili tarehe 8 Oktoba 1989, chumvi ilikuwa Uvinza peke yake, chuma Ufipa, shaba Katanga, na baraza ilichangamka ikawa hapasikiki adhana wala kengele. Mama Ferdinand alipoipata Uvinza kwa kura, hakumpa mtu chumvi mpaka amwamkie shikamoo, hata waliomzidi umri, na Mzee Fakihi aliamkia, akapewa, akaomba radhi kwa mababu zake. Ni yeye pia aliyesahihisha karafuu, akieleza kwamba mwaka 1800 Unguja haikuwa na mashamba yake, marehemu akatafuta shahidi wa pili, akampata, akaiondoa karafuu mpaka zamu ya mwaka 1820, na mtawala wa Unguja alipolalamika aliambiwa avumilie miaka ishirini tu. Kuhusu watu waliouzwa, alikataa wawe kete ya mtu yeyote, aliweka jiwe jeusi kwenye kila nchi iliyonyang'anywa watu wake, na jiwe lile halikuuzwa wala kubadilishwa.

Nchi moja ilibaki na mawe matupu, nayo ilikuwa Umakonde. Marehemu alijua kwamba kwao kulikuwa na mali, alimsikia babu yake akitaja mpira wa mwitu, lakini kwa sheria yake hakuweza kujishuhudia, na kwa kuwa hakutaka mgeni yeyote aonewe na kura, aliichukua nchi hiyo yeye mwenyewe kila Jumapili, akawa wa mwisho kwa miaka minane. Mtaani hapa mtu aliyepewa kipapatio kwenye sahani ya harusi aliambiwa amepewa Umakonde, na marehemu alicheka pamoja nao, ila wa nyumbani tuliona alivyokuwa akipitisha kidole pale peupe kabla ya kuukunja ubao. Siku moja Mama Ferdinand alishindwa kuvumilia, akamwambia, "Baba Ferdinand, hata kortini mtu huruhusiwa kujitetea," naye akajibu kwamba kortini kuna hakimu, hapa hakimu ni yeye.

Tarehe 20 Julai 1996, katika harusi ya Nusaiba, binti wa Mzee Fakihi, alikuja kutoka Lindi bibi mmoja, Mwamvita, mama mdogo wa Mzee Fakihi, aliyekaa barazani akautazama ubao, akauliza ni nani aliyeacha pale peupe, kisha akasimulia bila kuulizwa kwamba babu yake alikuwa na ghala Lindi, na watu wa uwanda wa Makonde waliteremka na mabonge ya mpira waliougema porini. Marehemu alimwomba arudie mara tatu, akaandika, akamshukuru, na hakuweka kitu, kwa kuwa shahidi alikuwa mmoja.

Shahidi wa pili alikawia miezi kumi na mitano. Alikuwa Mwalimu Elinaza wa Kiwalani, Mpare, aliyeukuta ukurasa unaoutaja mpira huo katika kitabu cha zamani, akaunakili kwa mkono, akauleta tarehe 25 Oktoba 1997. Wakati huo moyo wa marehemu ulikuwa umekwisha kupanuka na miguu ikivimba, lakini alitembea mwenyewe mpaka posta kumwandikia dada yake Tekla wa Kitangari amtumie mpira wenyewe, maana kukata kandambili hakukubali, na kifurushi kikakwama njiani kwa mvua za El Nino, watu hawavuki mto Rufiji, hadi kilipofika tarehe 8 Januari 1998, ndani yake bonge dogo jeusi, dogo kuliko kungu.

Jumapili tarehe 11 Januari tulijaa barazani, wote wakimtaka auweke mpira tangu mwanzo wa mchezo, na Mwalimu Elinaza akasema amengoja vya kutosha, na mgonjwa ana udhuru. Marehemu akasema, "Kitabu kinasema katikati ya miaka ya sabini. Mali ije siku yake." Akakaa na mawe yake zamu kumi na tano, akiomba chumvi kwa mkewe na kuamkia shikamoo, na ilipofika zamu ya mwaka 1875 alilitoa bonge mfukoni, akaliweka pale peupe, na Mrima, Unguja na Katanga wakatuma misafara kwake kwa mkupuo. Alijenga boma moja, la kwanza katika maisha yake, akamaliza wa tatu kati ya saba, akanunulia baraza nzima soda, na Mzee Fakihi aliyeshika nafasi ya kwanza hakuna aliyekumbuka kumpongeza.

Alilazwa hospitali tarehe 9 Februari, akafariki Jumanne tarehe 17 Februari 1998, saa nne asubuhi, Mama Ferdinand akiwa amemshika mkono, akiwa na miaka hamsini na tisa, miezi kumi na moja na siku tatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, makarani wenzake wa bandarini, Mwalimu Elinaza, Bibi Mwamvita aliyesafiri na mvua hii, na majirani waliopika na kukesha nasi bila kuulizana dini. Mzee Fakihi ameomba tutangaze kwamba Jumapili ijayo ubao utatandikwa, na kwamba Umakonde haitapigiwa kura, ataichukua yeye, akae na mawe mpaka mwaka 1875.

Lala salama, Marselino, pale peupe pamejazwa.