Mahindi ya Juu ya Moshi

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu?

MARSELI: Mimi, mama. Marseli. Shikamoo.

MAMA: Marahaba. Mbona namba ngeni?

MARSELI: Ya Praygod, huyu ninayepaua naye. Yangu imeisha chaji, Katesh hakuna umeme tangu asubuhi. Sikiliza, mama, salio lenyewe dogo—

MAMA: Umekula?

MARSELI: Nitakula. Mama, huku inanyesha. Tumeshuka kwenye paa, tumejibanza barazani. Unaisikia?

MAMA: Nasikia mikwaruzo tu.

MARSELI: Ndiyo yenyewe. Hii lazima ifike Babati. Panda mahindi leo jioni, usingoje. Anzia kule juu—

(Mikwaruzo.)

MARSELI: Haloo? Huu mtandao nao... Mama?

MAMA: Nipo. Nilikuwa nampa Mama Kindness chumvi.

MARSELI: Una wageni?

MAMA: Majirani. Nimepika makande, nikawaita.

MARSELI: Katikati ya wiki? Kuna nini?

MAMA: Makande yana siku yake siku hizi?

MARSELI: (anacheka) Haya. Ila wakiondoka tu, shika jembe.

MAMA: Mwaka huu nimepanda mara mbili, Marseli.

MARSELI: Najua. Ya kwanza ilikosa mvua.

MAMA: Iliungua. Wingu lilikuwa linatoka mlimani, likifika juu yetu hapa Nangara linapita zake. Nikiingia shambani saa sita, joto la mabati ya nyumba za majirani linanipiga huku na huku. Umesahau hapa tulivyokuwa tunaamka na ukungu?

MARSELI: Sijasahau.

MAMA: Dada wa kilimo alipita. Akasema miti ikiisha na ardhi ikifunikwa zege, unyevu hauna pa kutokea, joto ndilo linalobaki. Mvua inakuwa ya kubahatisha, na ikija inakuja kwa fujo. Nikamwambia: mwanangu, mimi hayo nayajua kwa visigino.

MARSELI: Lakini ya pili si ilinyesha?

MAMA: Ilinyesha, ndiyo. Kama mtu amemwaga ndoo. Maji ya kwa jirani yetu mwalimu Theodory, na ya zile nyumba mpya, yote yakakosa pa kuingia, yakaja kwangu. Asubuhi nikazikuta mbegu kwenye mtaro wa barabarani, zinaelekea ziwani.

MARSELI: Kwa mwalimu nilipaua mimi.

MAMA: Ulipaua vizuri. Haivuji hata tone.

MARSELI: Mama, ile ilikuwa—

MAMA: Kazi. Sijakulaumu. Ungekataa wewe, wangemwita mwingine.

MARSELI: Basi tujaribu tena. Nikija nachimba kingamaji kule juu, maji yasikuingilie. Mbegu si bado ipo? Ile ya bibi, inayoning'inia juu ya moshi?

(Mikwaruzo.)

MARSELI: Mama? Unanisikia?

MAMA: Nakusikia.

MARSELI: Mama, hayo makande ni ya mahindi gani?

MAMA: Wanasema matamu. Mama Kindness ameongeza mara ya pili.

MARSELI: Mama.

MAMA: Sikuwa na mengine ndani, Marseli.

MARSELI: Ungeniambia. Ningetuma hata—

MAMA: Ungetuma unga. Najua. Si unga uliokosekana.

MARSELI: Ile mbegu ulipewa na bibi siku ya harusi yako. Ulisema utampa Gaudiosa siku ya harusi yetu. Nimeshamwambia. Amefurahi mpaka ameshona kamfuko ka kuiwekea.

MAMA: Ameshona?

MARSELI: Kitenge.

(Sauti za majirani, vijiko kwenye sahani.)

MAMA: Mwambie anisamehe. Ningempa aende akaizike wapi? Jana niliishusha, nikakaa nayo mapajani, nikalia mpaka moto ukazima. Leo nikaona niipike. Kuliko iniangalie kila nikiingia jikoni.

MARSELI: Mama, usiseme hivyo.

MAMA: Imeniuma, mwanangu. Sijui nikwambieje. Baba yako nilimzika, nikarudi shambani. Sasa nirudi wapi?

MARSELI: Nakuja. Jumamosi nakuja—

MAMA: Njoo. Ila jembe uliache. Njoo na futi.

MARSELI: Futi ya nini?

MAMA: Upime. Watu wanakuja kulinunua hili shamba kila siku, nawafukuza. Kama ni kujengwa, lijengwe na wewe. Nitakaa ndani. Ikinyesha, nitaisikia kwenye bati.

MARSELI: Mimi sipimi shamba lako, mama. Siwezi.

MAMA: Utaweza. Umepima ya wenzako.

(Mikwaruzo.)

MARSELI: Mama, Praygod anasema dakika zinaisha. Niambie, haijabaki hata punje? Hata ya kudondoka chini? Angalia pale kwenye mafiga—

MAMA: Nimefagia.

MARSELI: Hata moja?

MAMA: Ipo sahani yako. Nimeifunika.

MARSELI: Hiyo usimpe mtu. Iache hivyo hivyo, nakuja kui—

MAMA: Imeshaiva, mwanangu.

(Simu inakatika.)

MAMA: Haloo? Marseli?