Shomari wa Al Ras na Picha Zisizo na Majina

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka Shomari Mbaruku, mpiga picha wa Al Ras, Dubai, mzaliwa wa Pangani. Alifariki mwezi uliopita, mwaka huu wa 2008, kwa maradhi ya moyo. Mtanivumilia, maana leo sauti yangu ina hasira.

Shomari alikwenda Dubai angali kijana, akawa hamali. Alisukuma mkokoteni wa magunia ya iliki na mdalasini kutoka gatini hadi sokoni. Kamera aliinunua kwa mtu aliyekuwa akirudi kwao. Tangu hapo, kila mapumziko alipiga picha. Mahamali wenzake wakinyoana nywele kivulini mwa ghala. Wakila wali kwenye sinia moja. Wamelala juu ya magunia, midomo wazi.

Lakini mahamali wale walikuwa na desturi yao. Picha ya kupeleka nyumbani ilipigwa mtu amevaa koti. Koti lenyewe lilikuwa moja, la Shomari, likazunguka mabegani mwa wote. Nyumbani watu wakaamini mtoto wao ni karani. Picha ya kazini ilibaki kwa Shomari, na nyuma yake hakuandika jina kamwe, isije ikafika nyumbani ikamuumbua mtu.

Mwaka jana, jumba moja la maonyesho lilizitaka picha hizo za kazini. Lilitaka kuonyesha maisha ya bandari ya zamani. Shomari alikubali kwa sharti moja: kila aliyemo atajwe jina. Sikieni vizuri, wapendwa. Sharti lilikuwa majina tu.

Akawafuata wenzake mmoja mmoja kuwaomba ruhusa. Haikuwa rahisi. Zedekiya, mtu wa Mpwapwa, alimwambia, "Shomari, mama anajua mimi karani. Unataka kuniua?" Lakini baadaye alimpigia mama yake simu, akamweleza ukweli wote. Mama akasema, "Kumbe umenilisha kwa mgongo wako. Basi jina lako waliandike kubwa."

Shomari akaketi na madam aliyelisimamia jumba lile, akamtajia majina, picha kwa picha. Madam akawa anaitikia tu, "Inshallah, Shomari, inshallah."

Siku ya ufunguzi walikwenda wote, nguo zimepigwa pasi. Chini ya kila picha paliandikwa: Hamali, jina halijulikani. Halijulikani! Na wenyewe wamesimama pale pale, wanapumua!

Dada yake Shomari, Hamida, anayefanya kazi za nyumbani mtaa wa Al Nahda huko huko Dubai, alikuwapo. "Kaka alijitokeza mbele," anasema. "Akamwambia madam, Zedekiya huyu hapa, muulize anaitwa nani! Madam akasema vibao vimeshachapwa, khalas, yamekwisha. Akasema, wewe jina lako tutaliweka, wewe ndiye msanii. Kaka akamjibu, 'Langu peke yangu la nini? Weka yote, au teremsha picha zangu.' Wakamwita mlinzi."

Mlinzi, Mganda aitwaye Rogers, alimtoa nje huku akimwambia, "Mzee, nisamehe, mimi natumwa tu." Shomari alirudi tena na tena kudai majina ya wenzake. Kila mara aliambiwa yalla, nenda zako. Alidai hadi moyo ukamshinda.

Na wiki ya msiba, bila haya, jumba lile lilileta maua na ombi: sasa liweke jina la marehemu peke yake. Hamida aliyarudisha maua yao. "Niliwaambia, jibu la kaka mnalijua," anasema.

Tunampa pole Hamida, jamaa wote wa Pangani, na mahamali wa Al Ras. Mungu amlaze Shomari mahali pema. Nawe unayenisikiliza, ukiiona picha ya mtu amebeba gunia, uliza anaitwa nani. Usibanduke kabla hujajibiwa.

Kule Mpwapwa, mama yake Zedekiya ameshawatangazia majirani kwamba jina la mwanawe liko ukutani Dubai. Kila wakizungumza kwa simu, anamuuliza lini atamtumia picha ya ukuta huo. Zedekiya bado hajamwambia.