Majani ya Maganga

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Sogeeni karibu na redio. Kama kuna mtoto anayepiga kelele hapo, mpeni michembe ya viazi atafune, maana leo namkumbuka mama mmoja ambaye habari yake inataka utulivu.

Anaitwa Nyamizi. Mama Paskalina. Alizikwa mwezi uliopita katika kijiji cha Mwanhegele, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Kagongwa.

Ukitaja Shinyanga, watu wanakumbuka almasi ya Mwadui. Ukitaja Geita, wanakumbuka dhahabu. Mimi leo nazungumza juu ya majani. Naam, majani ya ng'ombe! Huku kwetu miti mingi ilikatwa zamani, wakati wa vita dhidi ya mbung'o, nchi ikabaki wazi: mbuga ya udongo mweusi, mawe makubwa, na minyaa kuzunguka nyumba za watu. Mvua ikikatika, haichukui muda upepo unakuwa unacheza na vumbi tu. Ndiyo maana wazee waliweka ngitili.

Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe haingii. Majani yanakua, yanakauka yakiwa yamesimama, yanangoja. Kiangazi kikishakuwa kikali, nzengo, yaani majirani wa mahali pamoja, wanakubaliana siku, na ngitili inafunguliwa kwa wote. Kabla ya siku hiyo, hafunguliwi mtu. Akiba haiozi, wasikilizaji, lakini lazima awepo mtu wa kuilinda.

Mlinzi wa ngitili ya Mwanhegele alikuwa Onesmo, mume wa Nyamizi. Onesmo alipofariki mwaka 1970, nzengo ikakaa, ikaamua mjane wake aendelee. Mzee Bujiku, kiongozi wa nzengo, alinieleza sababu huku akicheka na kufuta macho kwa wakati mmoja.

"Tulimwona akimtoa ndama wake mwenyewe mle ndani kwa fimbo, mbele ya watu. Tukasema, huyu ndiye. Nyamizi kwenye majani hana ndugu."

Ilikuwa sifa. Binti yake, Paskalina, anasema mama yake aliipenda sifa hiyo, akiirudia jikoni peke yake.

Lakini ndugu alikuwa naye. Mdogo wake, Maganga. Mama yao alifariki Maganga hajaota meno, na Nyamizi, naye bado mtoto, ndiye aliyembeba mgongoni. Alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake ndio waliomwanzishia Maganga kundi. Likumbukeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Ng'ombe wa Maganga walitokana na mahari ya dada yake. Maganga akawa mfugaji kamili ng'ambo ya mbuga, mwenye ngitili yake mwenyewe na ng'ombe aliowaita kwa majina. Mnatujua sisi wa huku: majina ya watoto tunaweza kuyachanganya, ya ng'ombe hatukosei.

Ukaja mwaka 1974. Mambo mawili yalikuja pamoja. Mvua zilikuwa haba, na watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya pamoja. Mwanhegele walibahatika, kijiji kikawekwa palepale walipokuwa. Maganga akahamishiwa kando ya barabara. Ngitili yake ikabaki nyuma bila mwenyewe, ikaliwa, ikaisha. Huko barabarani ng'ombe walikuwa wengi kuliko majani.

Mwezi wa saba, alasiri moja, Maganga akatokea Mwanhegele na kundi lake. Mbavu zilikuwa zinahesabika. Paskalina alikuwepo, na maneno haya ni yeye aliyenipa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hao ng'ombe wamepatwa na nini?"

"Si unawaona. Nifungulie, dada. Hata upande mmoja. Wale siku mbili tatu wapate nguvu, niwavushe mpaka mtoni."

Nyamizi akawatazama. Katikati yao alikuwepo ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, mzao wa ng'ombe wa mahari yake. Alimfahamu vizuri.

"Siku haijafika, Maganga. Nikikufungulia wewe leo, kesho nitamkatalia nani? Na mwezi wa kumi watoto wa hapa watakamua nini?"

"Mimi si jirani, dada. Mimi ni ilumbu wako. Tumenyonya ziwa moja."

"Ndiyo maana siwezi. Angekuwa mwingine ningeweza hata kujidai nimesahau."

Maganga akasema taratibu, bila ugomvi, "Kumbe wanasema kweli. Huna ndugu." Akawageuza ng'ombe wake. Nyamizi alimkimbilia na kibuyu cha maji, akimwita jina lake la utotoni. Maganga hakugeuka.

Ng'ombe wake walikufa njiani. Wote, pamoja na yule mwekundu. Ng'ombe wa Mwanhegele wakavuka kiangazi kile, na watoto wa Mwanhegele wakanywa maziwa. Nyamizi alikuwa sahihi. Narudia, wasikilizaji, alikuwa sahihi, na kila mtu alimwambia hivyo. Kuwa sahihi hakukumsaidia kitu. Paskalina anasema tangu siku ile mama yake hakunywa tena maziwa.

Maganga akaenda Geita kuchimba dhahabu. Mfugaji asiye na ng'ombe afanye nini? Nyamizi akamtafuta kwa njia aliyokuwa nayo. Pale Kagongwa kulikuwa na duka la Mama Gulnar, ambaye mumewe alikuwa na lori la kupeleka bidhaa Geita. Kila lori lilipoondoka, Nyamizi alileta salamu, na Mama Gulnar, aliyesafiri nalo, akaulizia kwa wachimbaji. Siku moja alipatikana, ana karai mkononi, amejaa tope.

"Nilimwambia, baba, dada yako anakuita nyumbani," Mama Gulnar aliniambia. "Akaweka karai chini. Halafu akaniuliza, Mwanhegele mvua imenyesha? Nikasema imenyesha. Akasema, vizuri. Basi, akarudi kazini."

Safari iliyofuata, shimo lile lilikuwa limeachwa. Wachimbaji walikuwa wamehamia kwingine, na hakuna aliyejua wapi.

Mvua zilizofuata zilipoanza, Nyamizi alikata miiba, akazungushia kipande cha ngitili upande wa mawe makubwa. Nzengo ilipofungua, ng'ombe waliingia kote isipokuwa pale. Pale palikuwa pa Maganga. Mwaka uliofuata hivyohivyo, na mwingine. Watu walinung'unika, ni kweli. Mwaka 1984 kiangazi kilipouma tena, walimwendea. Mzee Bujiku akamtania, lakini utani wenyewe ulikuwa na njaa ndani yake.

"Shemeji, siku hizi una ndugu kwenye majani?"

Nyamizi akajibu, "Ninaye. Nilichelewa tu."

Bujiku anasema walirudi nyumbani, wakakata majani ya paa la zizi kulishia ndama. Yule mama alikuwa amewalindia wao mpaka akampoteza wake. Wangemdai nini zaidi?

Mwaka huu wa 1986, homa ya mapafu ikamkamata. Swali lake la mwisho kwa Paskalina lilikuwa kama miiba imerekebishwa. Paskalina alimjibu imerekebishwa. Kisha akatoka nje akaenda kuirekebisha, na aliporudi mama yake alikuwa amekwisha kukata roho.

Huenda mlisikia tangazo la kifo katika redio hii: habari zimfikie Maganga, popote alipo Geita. Walimsubiri. Walichelewesha maziko mpaka haikuwezekana tena. Hakutokea.

Wiki ile ile ya msiba ilikuwa wiki ya kufungua ngitili. Nilikuwepo. Ng'ombe waliingia kwa fujo, na Mzee Bujiku, na uzee wake wote, alisimama kwenye miiba na fimbo akizuia. Majani ya pale yananifika kiunoni, na migunga michanga imeota katikati. Nikamuuliza, mzee, utazuia mpaka lini? Akasema, "Mpaka mwenyewe aje, au tuonyeshwe kaburi lake."

Kwako Paskalina, na kwa nzengo nzima ya Mwanhegele, poleni sana. Nasi tuliobaki, kila mmoja ajiulize ni nani aliyemwambia siku haijafika, na kama mtu huyo bado anaweza kupatikana. Ikiwa anapatikana, usingoje lori la mtu.

Na sasa nisameheni, wasikilizaji wapendwa, nataka kusema na mtu mmoja tu. Mzee Maganga, kama kuna redio karibu na shimo unalochimba, nisikilize. Dada yako Nyamizi amefariki. Najua ng'ombe huna. Njoo hivyohivyo, mikono mitupu. Majani yako yapo.