Hezekiah Mutahi na Vipande Nilivyovikausha

Waombolezaji wapendwa, mimi ni Wachuka, dada mkubwa wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hivyo mnivumilie.

Hezekiah Mutahi Ngatia alizaliwa tarehe 9 Aprili 1971 hapa Kagio, akasoma msingi hapa hapa, upili Nyeri mjini, kisha chuo kikuu, ambako alibaki kufundisha fizikia tangu 1998. Tarehe 12 Agosti 2000 alifunga ndoa na Mercyline Adhis, mwalimu wa Sagana, Mungu akawajalia Griffins na Wangui.

Alichunguza vipande vyeusi kama magamba, ambavyo vikipozwa sana hupitisha stima bila kuipoteza hata kidogo. Kuna kiasi cha nguvu kinachotakiwa kuvuruga hali hiyo, wao hukiita pengo, na ndani ya kipande kimoja pengo ni kubwa hapa, dogo pale, naye alitaka kujua kwa nini. Alisema ni oksijeni iliyokaa ndani bila kulingana, wenzake wakasema ni uchafu wa mikono tu.

Hapa naungama. Mei 2017 alipitia nyumbani na vipande vya kupeleka ng'ambo kupimwa, mvua ikaingia kwenye kopo, nami eti kumsaidia nikavitia kwenye sufuria juu ya makaa vikauke, nikaenda ushirika wa akina mama, nikavisahau hadi sufuria ikaanza kupinda. Nilivirudisha kimya. Vilipopimwa, mapengo yalikuwa mengine kabisa, akaitwa mzembe, akaondoa andiko la utafiti alilotaka kuchapisha, na mimi nikanyamaza karibu miaka saba nikiimba kwaya.

Alipolazwa kwa ugonjwa wa figo, Januari 2024, nilimwambia. Alicheka mpaka nesi akaja. "Wachuka, kumbe ni wewe! Moto umefukuza oksijeni, mapengo yakabadilika, na hukusema?" Aliwaandikia wenzake, nao wakachoma kipande kingine makusudi, wakaona vile vile, wakaomba msamaha kwa barua, ambayo Mercyline alimsomea mara mbili tarehe 3 Juni. Tarehe 11 alitutoka, akiwa ametulia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi na kutuletea kuni, na ninyi wa chuo mliokubali kupima tena. Nimelia, lakini kifua kimefunguka. Lala kwa amani, Mutahi, jina lako limesafishwa ukiwa hai, na wewe mwenyewe ulisikia.